Stelingi Hafi

Mjukuu wako Nuño ameniagiza stelingi.
Si sungura, si yule pweza wa zambarau
niliyemfumia binti wa mwoka mikate.
Anamtaka Kapteni Varo:
koti la ngozi, kovu shavuni, ndevu za siku tatu,
na awe tayari Jumapili.

Basi nimeketi ukumbini, Eladio,
upepo wa Tabernas unatia mchanga hadi kwenye sukari,
nina sindano ya kroshia na miwani juu ya miwani.
Kitanzi kimoja. Ndani yake mishono sita.
Kisha kumi na miwili. Kisha kumi na minane.
Kichwa cha shujaa huanza kama kizibo cha chupa,
haba na haba kikawa kikombe cha kahawa.
Nikikosa hesabu kwa mshono mmoja tu
taya linapinda, utadhani ana jino bovu.
Nimeshamfumua mara mbili.
Mtu aliyelipua daraja na treni juu yake
akabaki uzi mapajani mwangu,
umejikunja kama tambi za jana.

Unakumbuka walivyokuja na malori,
wakajenga benki isiyo na nyuma,
kanisa la ubao, jela ya ubao?
Kapteni akashuka na mpishi wake na mwavuli wake,
akaiambia kamera maneno manne, akarudi kivulini.
Ilipofika zamu ya paa wakakuita wewe.
Koti lilelile. Wigi.
Peseta elfu tatu kwa kila anguko,
elfu nne ukianguka pamoja na farasi,
na mimi nikinunua mafuta ya kuchua kwa mkopo.

Mara ya kumi na moja maboksi yalipangwa vibaya.
Nyonga ikalia, nami niliisikia kutoka kwenye foleni ya supu.
Muongozaji akapiga makofi: imetoka vizuri, iacheni.
Wakaiacha. Ipo hadi leo.
Nuño huirudisha nyuma, huitazama tena,
“Bibi, ona anavyoanguka!”

Naona.
Nakijua kile kisogo,
kile kishungi kilichokataa kitana miaka thelathini,
kinainua wigi kidogo upande wa kulia;
na bega la kushoto linalotangulia
kama mtu anayesukuma mlango wa baa.
Watoto wote mtaani wanasema stelingi hafi.
Ni kweli, hafi.
Kuna mtu analipwa kumfia.

Kwa hiyo uso nimempa Kapteni.
Kovu nimelitia kwa uzi mwekundu, nyusi kwa mweusi,
haki yake nimempa, simdai.
Ila mgongo ni wangu kuufuma.
Nimeacha nyuzi tatu zisimame kisogoni.
Mguu wa kushoto nimeupunguza mistari miwili.
Pamba iliponiishia nikiwa kiunoni, na duka limefungwa,
nilichukua mkasi nikakata ile fulana yako ya kijivu
niliyosema nitaigawa, tangu mwaka juzi nasema.
Imeingia yote. Amekuwa mzito.

*

Jumapili Nuño alimsimamisha mezani, akamkagua.
“Huyu anachechemea.”
Nikasema, “Ametoka kazini.”
Akafikiri kidogo, akakubali,
akapanda ngazi mbiombio hadi roshani,
na kabla sijaweka sahani chini
Kapteni Varo alikuwa hewani.

Bega la kushoto lilitangulia.
Akagonga jiwe la ua bila sauti yoyote,
akaruka kidogo, akalala chali,
macho yake ya vifungo yakitazama jua bila kupepesa.
Mimi nimeshika sahani.
Sijui nilisubiri nini.

“Tena!” mtoto akaita kutoka juu,
sauti ileile ya wenye kamera.

Nikainama, magoti yakalalamika,
nikamkung’uta vumbi,
nikamtia mfuko wa aproni, kichwa kikichungulia.
“Baada ya chakula,” nikasema.
“Naye hajala.”