Kasoro Kabla ya Safari

Ijumaa, saa kumi na mbili na robo,
stendi ya Moshi ina baridi ya kushikika,
nami nimepakata boksi kama mtoto aliyekataa kunyonya.

Ndani ya boksi, boksi jingine.
Ndani ya hilo, blanketi la kijivu,
majani makavu ya mgomba niliyoyafikicha hadi yakalainika,
soksi zangu mbili zikikumbatia vigingi,
na katikati, kama kiini cha yai,
fidla ya dada yangu Eliaichi.

Mwalimu wa kwaya kule Kiboriloni alinielekeza:
legeza nyuzi, lakini usizivue,
zisipobana kidogo kijiti cha ndani huanguka,
na fidla bila kijiti ni kibuyu.
Daraja livishe kitambaa.
Boksi likitikiswa lisiseme neno.
Mzigo uliofungwa vizuri, alisema, ni bubu.

Kwa ububu sina mpinzani.
Miaka miwili Eliaichi ananipigia kutoka Mpanda:
"Fidla yangu haijambo?"
"Haijambo. Inakusalimu."

Hajui habari ya harusi ya Kirua,
na elfu ishirini niliyopokea nikaiazimisha.
Ilirudi ndani ya sandarusi,
shingo mbali, kiwiliwili mbali,
na kijana aliyeileta akitazama viatu vyake:
"Shikamoo. Samahani. Kiti."
Kiti. Hakueleza zaidi, nami sikuuliza
nani alikalia nini.

Mimi ni fundi wa milango.
Niliiunga shingo kwa gundi, nikaibana siku tisa kwenye jiliwa,
nikapaka vanishi, nikapaka tena.
Mstari umebaki,
mwembamba kama unywele kwenye sahani.
Ukiujua, huoni kitu kingine.
Usipoujua, utaweka kidole gumba juu yake
na upige nyimbo zote za Pasaka.

Mbonea wa dirisha la vifurushi ana kalamu sikioni.
Anatikisa boksi, anasikiliza.
"Humu kuna kitu kweli?"
"Kimo."
Kilo tatu na nusu. Litalala stoo Tabora,
Jumapili lipande gari la Mpanda.
"Chini ya maparachichi siliweki, usihofu. Thamani?"
"Mishahara mitatu ya kwanza ya mwalimu."
"Nipe tarakimu, mzee."
Kisha anasoma kama mtu asiyesikia anachosoma:
"Je, mzigo una kasoro yoyote kabla ya safari?"

"Hapana."

Anatia alama. Anachora glasi kwa maka,
na mshale: JUU HUKU.

Kahawa yangu haijapoa, pale kando ya geti,
mlima umetoa bega tu nje ya wingu,
na miguu inanirudisha dirishani.
"Mbonea, fungua."
"Nimeshazungusha utepe mara tatu!"
"Si boksi. Fungua lile swali."

Ananitazama. Anakata. Anaandika Ndiyo.
Nafasi ya maelezo ni nusu mstari.
"Shingo," namwambia. "Ilivunjika, ikaungwa na kaka yake,
ambaye hakusema."
Anaandika: *shingo, kaka.*

Mfukoni nina jani la sale.
Nililichuma uani alfajiri, nikijidai sijui la nini.
Nalipachika chini ya kamba.
Mbonea ni Mpare, lakini haulizi.
"Litanyauka kabla ya Singida," anasema tu.
"Linyauke. Yeye atalijua."

Basi linarudi nyuma, linapiga honi mbili, linaondoka
na boksi lisilosema neno.

Jumatatu usiku simu inaita. Mpanda.
Naiacha iite, naipokea.
Hakuna hujambo, hakuna shikamoo.
Mbali kule kigingi kinalia kikizungushwa,
uzi unapanda, unateleza, unapanda,
unatafuta pa kukaa.
Nimekaa kitandani, kiatu kimoja mkononi.
Kimya kidogo.
Kisha uzi wa pili.