Hojaji Nambari 212

Wanataka niwe nimehama kabla ya Ijumaa.
Ofisi hii ya Chiromo, dirisha lake lisilofunga,
anapewa kijana aliyesomea ng'ambo,
mpole, mwenye kompyuta nyembamba kama chapati.

Nimetupa mengi:
kumbukumbu za vikao vya seneti,
barua ya kunipandisha cheo, iliyochelewa miaka sita,
na ya pongezi, kwa "Bwana Zipora Mwikali".
Nimebakiza karatasi moja.
Kutu ya stepla imeiachia alama mbili, kama meno.

Mwaka wa themanini na nne, Kariobangi.
Nilikuwa na kalamu nne, viatu vya kuazima,
na swali la kumi na nne: Je, una huzuni?
Moja, hata kidogo. Tano, sana.
Pilista, muuza omena, alinitazama
kama anayekadiria kama nitanunua.
"Huzuni ina siku yake," akasema.
"Watu huja, chai hupikwa, watu huenda.
Mimi moyo ni mzito tu.
Debe la maji. Nimetwikwa, wa kunitua hayupo.
Andika debe."

Niliandika tatu.

Msimamizi wangu alisema mtu mmoja kati ya mia nne
hatikisi wastani. Alisema kweli.
Wastani haukutikisika.
Nikavaa joho, Kitui wakachinja mbuzi wawili.
Lakini umeme ulipokatika chumba cha mashine
nilisikia maji yakimwagwa ndani ya bati.

Basi nikawa mtu wa debe.
Miaka ya migomo, miaka ya chaki bila mshahara,
Huruma, Kawangware, wodi za Mathari,
nikiuliza watu uzito huu kwao unaitwaje.
Moyo umefungwa kamba.
Mwili hauna mwenyewe.
Mawazo, daktari, mawazo tu.
Nikayapangia safu, nikayapa alama,
nikakokotoa kosa langu mwenyewe
nalo halikufika sifuri hata mara moja.
Wanafunzi waliniita Mama Mkengeuko.
Walidhani sijui.

Jarida moja la ng'ambo lilinirudishia makala:
kipimo hiki hakiafikiani na vinavyojulikana.
Nilijibu kurasa kumi na moja, kwa adabu.
Swali lilikuwa moja: na nani?

Pilista nilimtafuta. Mara mbili.
Palipokuwa mlango wake pana ghorofa tano
na duka la simu. Hakuna aliyemkumbuka.
Kwenye jedwali tunaacha kisanduku kitupu,
programu inaendelea bila kulalamika.

Kijana amekuja kupima dirisha la pazia.
Ananiona na sanduku, anakimbilia kunipokea,
goti linapinda kidogo.
"Prof, hili ni zito!"
Moja hadi tano, namuuliza.
Anacheka, anafikiri kidogo, ana heshima.

"Tatu," anasema.