Swali la Tatu

Fomu ya zamani ilikuwa na karatasi ishirini na sita.
Niliipima posta: gramu mia na thelathini,
uzito wa kiazi cha wastani
katika kaunti hii ya Aroostook,
ambako viazi ndivyo vinavyopanga likizo za shule.

Miaka kumi na saba nimeipitisha chini ya kioo cha dirisha langu
nikisema, "Jaza kwa wino mweusi,"
kana kwamba wino wa buluu unazidisha homa.

Ilisema: Mwombaji athibitishe, pale inapohusika,
kutokuwepo kwa kipato kisichotokana na ajira
isipokuwa kilichotajwa katika Kiambatisho D.
Kiambatisho D kiliacha kuchapishwa tangu mwaka wa mafuriko.

Alcide Pelletier, mkata magogo,
mapafu yanakoroma kama msumeno uliotiwa petroli chafu,
aliileta mara nne.
Ya kwanza ikarudi: sahihi imevuka mstari.
Ya pili: hakujaza thamani ya kaburi alilonunua
(ndiyo, tuliuliza; kaburi ni mali).
Ya tatu: risiti ni nakala.
Ya nne, mwezi wa Februari, sikumbuki sababu,
na huko kutokumbuka ndiko kunakoniamsha saa tisa za usiku.
Fernande, mkewe, ndiye aliyekuwa akimsomea,
maana yeye macho na shule vyote vilimpita mbali.
Bima waliyoiomba ilikuwa ya wote wawili.

Kisha Augusta wakatuita. "Ipunguzeni," wakasema.
Tukaketi makarani sita, mwanasheria mmoja,
na sinia la donati zilizokauka.
Tukafyeka.
"Pale inapohusika" ikaenda na maji.
"Mwombaji aliyetajwa hapo juu" akawa "wewe".
Neno dogo, wewe. Mwanasheria alilikodolea macho
kama mgeni aliyeingia sebuleni na viatu vya matope.
"Wewe nani?"
"Anayesoma," nikamjibu.
Kaburi alilipigania hadi saa kumi jioni.
Tukamshinda kwa kura moja.

Zikabaki kurasa nne, herufi kubwa, nafasi ya kupumua.
Nikatumwa kuijaribu kwa mtu wa kweli.
Nikaendesha hadi kwa Alcide,
theluji imepanda hadi kwenye kitasa cha mlango.

Alivaa miwani yenye fremu za zambarau.
Nilikuwa nikiijua ile miwani.
Akasoma mwenyewe, kwa sauti,
kidole kisicho na ncha kikifuata mstari.

Unaitwa nani?
Akacheka hadi akakohoa. "Hili nalijua."
Unaishi wapi?
Akaandika, akatazama dirishani kuhakikisha.
Unaishi na nani?

Kalamu ikasimama.

Fomu ya zamani ingeuliza muundo wa kaya,
idadi ya wategemezi, safu ya B hadi F.
Mtu angeweza kujibanza humo,
akatia sifuri, akapita bila kuonwa na mtu, hata na nafsi yake.
Sisi tulikuwa tumeng'oa vichaka vyote.
Swali lilisimama uwanjani, peupe,
nalo nililitunga mimi,
nikasifiwa kwa ajili yake.

Nilitaka kumwambia: andika "peke yangu", inatosha.
Ulimi ukakataa.
Jiko la kuni likapasua kipande. Akainama,
akachora herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la pili:

Niliishi na Fernande. Hadi Machi.

Halafu akainua uso, wasiwasi wa kale umemrudia,
akauliza kama jibu limevuka mstari.

Lilikuwa limevuka.
"Hakuna mstari siku hizi, Alcide," nikasema,
nikaikunja fomu kabla hajaangalia vizuri.

Kwenye ripoti niliandika, kama nilivyoagizwa:
muda uliotumika, dakika kumi na moja.
Maswali yote yameeleweka.