Pijo ya Kimanga

Iliingia uani kwangu ikivutwa na Fuso,
kamba ya katani, usukani kashika mtoto wa jirani.
Pijo 404, rangi ya uji wa ulezi,
taa moja ipo, nyingine tundu lenye kiota.
Milioni moja na laki mbili, fedha ya kiinua mgongo.
Mwanangu alipopiga simu kutoka Mwanza
nikamwambia nimenunua friji.

Milango minne. Wa nyuma kushoto haufunguki
mpaka uuambie kwa goti.
Chini ya zulia sakafu imeliwa; nilimwona sisimizi
akipita katikati ya gari, anakwenda zake,
kama mtu anayekatiza uwanja wa mpira.
Mimi niliyefundisha kutu miaka thelathini na moja
(chuma, maji, oksijeni, andikeni)
nikapiga magoti na msasa namba themanini
nikajua sikuwahi kuijua.
Kutu haina haraka. Ina ladha, inakaa kwenye meno.

Kondo huja Jumamosi, akitokea Gerezani,
begi la spana begani, redio mfukoni.
Hasemi "haiwezekani." Husema "tutaibembeleza."
Sakafuni kachomelea bati la pipa la mafuta ya kula,
maandishi bado yanasomeka: WEKA MBALI NA JUA.
Luku inalia, yuniti zinayeyuka,
na ng'ambo ya ukuta Mama Sikujua anapaza sauti
kwamba kila cheche ikiruka, tamthilia yake inatetemeka.
Nampelekea maandazi.
Anayala, anaendelea kulalamika.

Kisha kranki. Ilikatika zamani, hatukujua.
Kondo aliishika kama mfupa wa paja.
Tukaulizia Gerezani, Ilala, Keko, mpaka Chang'ombe;
mmoja akatucheka, mmoja akatuonyesha ya trekta,
mmoja akavua kofia.
"Ninayo injini ya Stauti," Kondo akasema. "Nzima."
Nikakataa. Nikakataa miezi mitatu.
Nilitaka ile ile, kila skrubu, kila kikohozi,
kama ile iliyopita mbele ya shule yetu mwaka sabini na moja,
mwalimu mkuu ndani, kiwiko dirishani,
nami pekupeku kando ya barabara, vumbi lake mdomoni,
nimesahau nilitumwa chumvi.
Kondo hakubishana.
Alipaka grisi vitu visivyohitaji grisi.

Siku niliyokubali sikusema neno.
Nilisogeza ndoo ili winchi ipite.
Injini ya zamani ipo bado, chini ya banda,
kuku mwekundu anaitagia. Mayai yananukia petroli kidogo,
au nadhani tu.

Viti nimeshona mwenyewe kwa kitambaa cha sare,
bluu ya sketi za darasa la sita, jora la mwisho dukani kwa Nassoro.
Ukikaa, unatamani kunyoosha mkono ujibu swali.
Rangi ya nje, Kondo alitaka nyekundu.
Ni ya ulezi. Hapo nilishinda.

Tukatoka asubuhi ya Jumapili, tukapita Relini,
dirisha likilia, redio ya Kondo ndiyo redio ya gari.
Kwenye kituo cha mafuta muuza magazeti mwenye mvi
akafumba macho, akasikiliza.
"Hii siyo Pijo."
"Ni Pijo."
"Sura tu. Sauti ya mwingine."
Nikafungua mdomo, nikachomoa meno ya juu,
ya plastiki, ya Muhimbili, nikamwonyesha kiganjani.
"Na haya siyo yangu," nikasema kwa ufizi. "Lakini anayetafuna ni mimi."
Alicheka mpaka magazeti yakamwagika.

Gia ya nyuma bado hatujaipata.
Getini kwangu hakuna pa kugeuzia,
lazima iingie kinyumenyume.
Mama Sikujua akatoka na khanga ya kulalia,
akaweka mikono miwili kwenye boneti, hakusalimia,
tukasukuma.