Mpira Ulioingia Mfongoni

Kiwanja chetu cha chuo kilikuwa na mteremko.
Mgeni aliyeshinda shilingi alichagua kushuka kwanza,
akafurahi dakika arobaini na tano,
kisha akageuzwa, akaanza kupanda
na mapafu ya watu wa tambarare.

Jumamosi ile ya Julai walikuja wa chuo cha ualimu,
lori zima, wakipiga kelele tangu darajani Rau,
jezi za kijani zimenyooshwa pasi hadi soksi.
Zetu zilikuwa za manjano iliyochoka,
namba kazishona Ndeonasia wa mwaka wa pili
kwa kitambaa cha mapazia ya bwalo.
Tisa ya Kandidus ilikuwa sita iliyopinduliwa;
alipoinama kufunga kamba za viatu
ilirudi kuwa sita.

Nakumbuka karanga katika koni za gazeti,
vidole vyangu vyenye chumvi na wino.
Nakumbuka wapishi wametoka jikoni na sufuria,
ubwabwa wa jioni umeachwa ujipike wenyewe,
na mwamuzi, mkufunzi wetu wa hesabu,
mtu wa haki hata pale isipotakiwa,
akitunyima penalti
kwa uso uleule aliotunyimia maksi.

Baridi ilituuma masikio. Kibo ilijifunika gubigubi.

Mimi nilisimama nyuma ya goli la chini,
mahali pa washabiki wa kweli na mbuzi wawili wa Lyaruu.
Sufuri kwa sufuri. Dakika za lala salama.
Beki wao, pande la mtu, akaubutua bila kuangalia,
ukapita juu yetu, ukaingia migombani,
tukausikia: chubwi.

Siku nyingine mfongo ungekuwa mkavu.
Siku ile maji yalikuwa zamu ya watu wa chini.

Naapa, sikufikiri. Mpira ule wa ngozi
ulikuwa mmoja tu, na katika daftari la stoo
sahihi iliyoutoa ilikuwa yangu.
Nikakimbia. Ulielea mbele yangu bila haraka,
ukazunguka jiwe, ukanisubiri,
ukaondoka tena nilipouinamia,
ukapita uani kwa mama mmoja anayemenya mbatata
ambaye hakuinua hata kichwa.
"Umekwenda kule," akasema.

Niliukamata kwenye banio la mwisho,
maji magotini, kiatu kimoja kimebaki njiani.
Ulikuwa mzito kama mtoto aliyelala.
Na hapo ndipo huko juu kukawa kimya,
kimya cha watu mia tatu waliokata pumzi,
halafu sufuria. Sufuria zote kwa pamoja.

Kona ilipigwa kwa mpira wa mazoezi,
ule wenye kiraka. Kandidus, kichwa, moja bila.

Nilipofika, filimbi ya mwisho imeshalia.
Watu wamenirukia wakanikumbatia na mpira wangu,
tukalowana wote, nikapiga kelele kuliko yeyote,
nikashangilia kwa sauti iliyokauka
goli nisilolijua lilikaaje.

Miaka thelathini na minne nalisimulia.
Naonyesha kwa mkono alivyoruka,
shingo ilivyokatika kushoto, kipa alivyoganda.
Binti yangu Elinami aliwahi kuuliza,
"Baba, ulikuwa umesimama wapi?"
Nikamwambia, nyuma ya goli.
Na ni kweli, hadi dakika ile.

Mwaka jana nilimkuta Kandidus dukani kwake, Majengo,
miwani puani, anahesabu boliti.
Mteja alikuwepo, akamwambia:
"Muulize huyu. Huyu aliliona vizuri kuliko wote."
Sikumsahihisha. Nikaweka mfuko chini,
nikasimama katikati ya matairi,
nikaruka.

Mlima, nao, walisema ulifunuka jioni ile
baada ya lori kuondoka.