Koti la Kijani

Plovdiv, theluji. Duka limefungwa.
Faili limekaa kwenye kompyuta ya Radka
kama kokwa lisilovunjika;
kila programu inalitema.
Kampuni ya kamera ilifilisika zamani,
ufunguo ukazikwa nayo.

Usiku wa tatu fundi Zhivko
akaja na sidii iliyochubuka,
akaipuliza vumbi, akaipangusa kwa shati.
Picha ikajikongoja,
rangi ya maji ya kabichi:
saa nane na dakika sita,
mgongo, droo, mkono.
Koti.

Kifungo cha pili kimeshonwa kwa uzi mweupe.
Siku ile ulikuwa umemwishia mweusi.

Asubuhi, polisi mlangoni na daftari.
"Halifunguki," asema Radka.

Zhivko anakunja nyaya, polepole.
Kwenye msumari, nyuma ya kaunta,
koti linadondosha maji.