Vishikio Vyatazama Ukuta

Suwałki, mkesha wa Krismasi,
saa nane mchana na jua limeshaanza kuaga.
Theluji imepanda hadi kingo za dirisha.
Jikoni mwangu sufuria nne zinatokota
na vishikio vyote nimevigeuza, vyatazama ukuta
kama watoto waliotiwa adabu.

Wakwe zangu hucheka.
"Bogumiła na kambi yake ya jeshi!"
Nawaacha wacheke.
Nimebandika utepe mwekundu sakafuni,
hatua tatu kutoka jikoni pa moto,
na Jagna, mwenye miaka miwili na nusu, anaujua:
husimama pale, vidole vya miguu vikigusa utepe,
akarefusha shingo kunusa samaki.
Mara moja moja huvuka. Namrudisha.
Huvuka tena. Namrudisha tena.
Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe.
Wahenga hao hawakukesha wodini.

Nilikuwa na miaka tisa.
Mama alitoka kufuata kuni.
"Mtazame Leszek," akasema,
nami nikatazama, ila nilitazama nje,
pua imeganda kwenye kioo,
naitafuta nyota ya kwanza,
maana nyota isipotoka hakuna anayekula
na tangu asubuhi nilikuwa na kipande kimoja cha mkate.
Nyuma yangu supu nyekundu ya bitiruti,
kishikio kimetokeza nje ya jiko
kama mkono wa mtu anayeomba kupokewa.
Leszek akaupokea.

Sauti ile siielezi.
Ninayoweza kueleza ni yaliyofuata:
jirani alikuja mbio na siagi,
mwingine na yai bichi,
shangazi na beseni la theluji.
Kila mmoja alileta huruma mikononi
na kila huruma ilikuwa kosa.
Maji, nesi alisema baadaye, akifuta siagi taratibu.
Maji ya bomba tu, yatiririke dakika ishirini.
Siku hiyo bomba letu lilikuwa zima, halikuganda.
Hakuna aliyelifungua.

Basi leo mnanikuta hivi.
Chini ya kitambaa cheupe cha meza tunatandaza nyasi kavu,
kwa kumbukumbu ya hori alimolazwa Mtoto,
kisha juu yake tunawasha mshumaa.
Nyasi kavu na mshumaa! Nimewaza miaka mingi
ni nani aliyekaa akaiunda mila hii.
Siivunji. Nyasi zangu ni konzi moja,
mshumaa umesimama ndani ya bakuli la mchanga,
na pindo za kitambaa nimezikunja juu
zisimwite mtoto kuzivuta.
Chai itamiminwa mezani,
haitapita juu ya vichwa vya watu.
Mfuniko wa kikaango uko karibu na mkono wangu wa kulia.
Na ile sahani moja ya ziada,
ya mgeni asiyetarajiwa, nimeiweka kama kawaida.
Yeyote abishe hodi, ataketi.
Ila yule asiyebisha hodi,
anayeingia kwa kukanyaga mapazia,
huyo sahani si yake.

Leszek anafika na kibaridi chake mabegani.
Miaka hamsini na sita sasa.
Ndevu zake haziko upande wa kushoto,
toka shavuni hadi chini ya kola,
naye huwaambia watoto kinyozi alikimbia na deni.
Sijawahi kumwambia nilikuwa natazama wapi.

Hajafungua hata kifungo cha koti,
hajamsalimu mtu,
anapita moja kwa moja hadi jikoni pa moto.
Pale pana kisufuria cha uyoga
nilichokiteleka mwisho, kwa haraka.
Kwa kidole kimoja anakisukuma kishikio
mpaka kinatazama ukuta.

"Nyota imetoka?" ananiuliza,
mgongo wake kwangu.

"Sijui," nikamwambia. "Sijatazama."